Madaftari Kumi na Mawili Yaliyokwenda Winguni

Dzaleka, Kawale, nyumba iliyo nyuma ya kanisa,
Dowa, Malawi.
Tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Narcisse,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, na kwa jina langu pia, maana hapa kambini yote mawili yanaheshimiwa. Hali yako? Sophie anaendeleaje? Na Amanda mdogo, ameshaota meno, au huko Winnipeg hata meno yanaogopa baridi kutoka nje? Mwambie baba yake mkubwa wa Dzaleka anamwekea kuku mmoja. Kuku mwenyewe amezeeka, lakini jina la mtoto analijua.

Mi ni mzima. Goti la kushoto linalalamika asubuhi, nikilionyesha jembe linanyamaza. Baridi imeshuka huku pia, nsima inaganda kwenye sahani kabla mtu hajamaliza kuomba. Zaidi ya hapo, Cishahayo ni yule yule, aliyevuka mipaka minne bila pasi na askari wa mpakani akambebea begi.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, Charlène wa Area 18, Lilongwe, ataipiga picha akutumie. Simu zangu hupokei tangu Pasaka. Labda macho yatapokea kile masikio yamekataa.

Narcisse, Mama Nizigama anakuja kwangu kila siku. Ni yule mama Mrundi ambaye hukumkuta, amefika Februari kutoka Tanzania. Anakaa kwenye kile kigoda chako, karibu na mlango, haombi chai, haombi kitu. Anauliza tu: "Mzee, mdogo wako ameshaleta namba?" Mi namjibu kesho. Nimemwambia kesho mpaka kesho zenyewe zinaniona haya.

Namba anayoulizia unaijua. Tarehe 3 Aprili ulinitumia sauti, ninayo bado, nimeisikiliza mpaka batoto wa jirani wanaiigiza: "Mkubwa, mashine imeunganisha! Binti wa yule mama, Akeza, alipita Dzaleka mwaka 2016 akaacha namba ya mtu wa kumpata. Kesho nakutumia." Nikakimbia kumwambia. Mi, na goti hili, nikakimbia! Yule mama alikaa chini kwenye vumbi, akavua kitambaa cha kichwa, akakishika tu mkononi. Miaka kumi hajasikia jina la mtoto wake kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Kesho yako haikufika. Baada ya Pasaka ikaja sauti nyingine, ya baridi: "Mkubwa, wingu limekula yote, majina yote tuliyoyatoa kwenye madaftari. Ile kampuni imefuta. Hakuna la kufanya, tumwachie Mungu." Tangu hapo kimya.

Nilikuamini. Nilizunguka kambi nzima nikilaani wingu. Kanisani nikasimama nikaeleza kwamba Wazungu wamepoteza watu wetu mara ya pili. Bamama walilia. Mchungaji Ezechiel akaombea ile kampuni itubu.

Halafu njo nikaenda Lilongwe kumwona Charlène, yule binti wa Bukavu mwenye kazi ya kompyuta, ili anifundishe barua kali ya kuandikia kampuni. Nilimweleza kila kitu kwa hasira. Akanisikiliza, akaniuliza, "Papa Cishahayo, hifadhidata yenu mliikodi kwa mtindo gani? Mlijiwekea wenyewe kwenye mashine, au ni ile inayosimamiwa na kampuni?"

Nikamwambia, "Binti, mi ni mtu wa dunia. Inayosimamiwa, bila shaka. Sisi siyo washamba."

Akacheka. Akaniambia, "Basi fikiria chigayo."

Narcisse, mi chigayo nakijua kuliko yeye, nimesaga mahindi ya Malawi miaka kumi na mitatu. Lakini sikiliza alivyonipangia. Mwenye chigayo anatia mafuta, anabadilisha mkanda, anaweka paa mvua isiingie. Anaweka na mashine ya pili jengo lingine, ya kwanza ikizima ile inashika kazi, wewe hata hujui. Kila siku anachukua nakala ya vitu vyako, ukikosea leo saa nne unaweza kurudi jana saa nane. Kazi hizo zote zingekuua ukifanya mwenyewe, njo maana unamkodi. Lakini mahindi ni yako. Magunia yapangwe vipi, nani aruhusiwe kuingia, yatolewe lini, hayo ni ya mwenye mahindi. "Papa," akasema, "mwenye chigayo hamwagi unga wa mtu. Kuna mtu aliingia na ufunguo."

Nikamwambia labda ni kidole kiliteleza. Akauliza kama mliweka kufuli ya kuzuia kufuta.

Hapo, mdogo wangu, nikaacha kubishana. Maana nilikumbuka. Mwaka 2022, kwenye veranda yangu, umeweka kompyuta juu ya ndoo, ulinionyesha alama moja ukasema, "Mkubwa, tazama hii kufuli. Hata mi mwenyewe siwezi kufuta kwa bahati mbaya." Tulikunywa fanta kwa ajili ya hiyo kufuli.

Charlène akanihesabia hatua za kufuta kwa vidole, polepole, kama anayepima homa ya mtoto. Kwanza lazima uende kuitoa kufuli. Halafu ubonyeze kufuta. Inakuuliza kama unataka nakala ya mwisho ibaki, na alama ya ndiyo imeshawekwa, unatakiwa uitoe wewe. Inakuuliza na zile nakala za kila siku, zibaki au ziende. Mwisho inakutaka uandike kwa mkono wako kwamba unajua unachofanya. Na ile mashine ya pili, pacha yake, haisaidii, inamfuata mwenzake hata kwenye kufutwa.

Narcisse, hiyo siyo kidole kuteleza. Huyo ni mtu anayepanda ngazi, kila kidaraja anaulizwa una hakika, naye anajibu ndiyo.

Nilirudi Dzaleka kwa kabaza kutoka barabara kubwa, kijana wa baiskeli akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado sijui.

Sasa nitakuambia na ubaya wangu, usije ukafikiri nimejivika kanzu nyeupe. Ufunguo wote niliuacha kwako. Nilijisemea patroni hashiki funguo, patroni anasoma majina kwa sauti, petit, mdogo wake, anaandika. Miezi saba nilisoma, ukaandika: watu mahali pao, safari mahali pake, wanaotafutwa mahali pao, na nyuzi za kuwaunganisha. Mi nikabaki na ile fomu ya simu tu, ya kuingiza majina mapya. Kama mtu anayetia barua kwenye sanduku la posta ambalo hana ufunguo wake, na anajisifu kwamba ana posta.

Na namba yako nilimpa kila mtu. Kambi nzima. "Piga kwa mdogo wangu Kanada, yeye njo mkubwa wa wingu!" Sikuhesabu saa zenu. Najua walikupigia ukiwa kazini, ukiwa umelala, Sophie akiwa hospitali anajifungua Amanda. Kila mtu ana mtu amepotea, na kila mtu alidhani umemficha mfukoni. Labda ulichoka. Labda ulitaka kuwa mtu wa Winnipeg tu, asiye na kambi mgongoni. Ungeniambia! Ningetukana kidogo, halafu ningekuachilia. Mi siyo mtu wa kufunga ndugu kwa kamba. Lakini ukaenda ukafuta, ukaliachia wingu lawama, ukaniacha nisimame kanisani nikisema uongo wako kwa mdomo wangu.

Tena kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Yale madaftari kumi na mawili ya majina, tulipomaliza kuyaingiza kwenye kompyuta, nilimpa Gabriella wa mandazi. Ndiyo. Nilimwambia, "Funga mandazi, mama, sisi sasa tuko winguni." Watu walicheka, nami nilicheka kuliko wote.

Sasa natembea nyumba kwa nyumba nikiuliza nani amebakiza karatasi ya mandazi. Nimepata kumi na tisa. Moja ilikuwa imeziba tundu la dirisha, moja mwalimu wa Sunday school ameandikia nyimbo nyuma. Ya Akeza haimo.

Basi ombi langu ni moja. Charlène anasema nakala uliyochukua kwa mkono wako, siyo ile ya kila siku, inabaki hata hifadhidata ikifutwa, mpaka mtu aende aifute nayo. Nakumbuka ulichukua moja kabla ya kupanda ndege. Tulipiga picha siku hiyo. Kama ipo, mpe Charlène ruhusa ya kuifikia, yeye ataifufua kwenye akaunti yake. Haina yaliyoingia baadaye, lakini Akeza wa 2016 yumo. Hutapigiwa tena simu na mtu, nimeapa mbele ya Mchungaji Ezechiel. Na kama nayo umeifuta, uniandikie hivyo kwa maneno yako, mtu mzima kwa mtu mzima. Nitajua la kumwambia yule mama.

Kati ya zile karatasi kumi na tisa, moja ni ya daftari la tano. Mafuta yameifanya ipitishe mwanga, lakini inasomeka. Mwandiko wangu wa 2013: "Narcisse, miaka 15, ametoka Bukavu peke yake. Mama yake ni Feza wa Bagira. Anatafuta mtu yeyote wa kwao." Chini yake, kwa kalamu nyingine lakini mkono wangu ule ule: "Feza ni mdogo wa mama yangu. Huyu ni wetu."

Nimeibandika ukutani. Mama Nizigama hajui kusoma, akaniuliza ni karatasi ya nani. Nikamwambia ni ya mtu aliyetafuta watu wake akawapata. Akauliza, "Na alipowapata, akafanya nini?"

Jibu nimekuachia wewe.

Nisalimie Sophie, na umbusu Amanda kwa ajili yetu. Charlène anakusalimu, ingawa kwa mdomo wa kubana. Gabriella anakutumia salamu na anasema mandazi yake sasa anafunga kwa plastiki. Mungu awalinde na barafu, na akupe moyo mwepesi wa kufungua barua hii mpaka mwisho.

Ni mimi mkubwa wako, nakupenda na hasira zangu zote,

Cishahayo