Njau, Chumba Chako cha Valvu Bado Kimesimama

Mwihoko, nyuma ya kinu cha unga,
Ruiru.
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mpendwa mume wangu Njau,

Usicheke. Ulipewa jina la guka yako, babu yako aliyenioa, kwa hiyo wewe ni mume wangu mpaka nife, hata ukioa Mzungu.

Habari ya huko Kanada, Winipegi? Unakula? Unalala? Hizo ndevu nilizoziona kwa picha, umenyoa ama bado unafanana na mtu aliyetoka kujificha msituni? Mimi ni mzima. Goti la kulia linauma asubuhi, halafu linapona nikipata mtu wa kugombeza. Baridi imekaa wiki ya tatu na jua hatujaliona. Mama yako huko Ngoliba anasema mbaazi zimekubali, ingawa mvua ilikuja kidogo tu kama mgeni asiyetaka chai.

Nakuandikia kwa mkono wangu huu wa darasa la nne, usinitafutie makosa. Na ni Kiswahili kwa sababu mama yako ni Mkamba, mimi ni Mkikuyu, na nyumba yetu haikuwa na lugha nyingine ya kugombania. Barua itakujia na Nimisha, binti ya Chintan wa Thika, yule anayesuka upya nyaya za mota za pampu. Anakuja kusoma chuo kikuu hukohuko kwenu. Sikutaka simu. Nikianza neno la maana kwa simu unasema, "Cucu, network inasumbua." Njau, hiyo network inasumbua kila mara kwa neno lilelile. Mimi ni nyanya yako niliyekulea, najua.

Sasa neno lenyewe. Wainaina, baba yako mdogo, anataka kubomoa chumba chako cha mabati. Anasema hapo panatosha vyumba viwili vya kupangisha, na kwamba hakuna plot nyingine Mwihoko yote inayoweka makopo ya misumari mahali ambapo mtu angelala. Mawe yameshamwagwa mlangoni. Nimemwambia hakuna atakayegusa hata bati moja mpaka wewe useme kama utarudi kwa kazi yako ama umeiacha. Amenipa mpaka Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Kwa hiyo nataka jibu. Lakini kuna kitu lazima nikuambie kabla hujajibu, na hicho ndicho kimenifanya ninunue karatasi.

Kwanza nikueleze chumba kilivyo, usije ukasema nilikiachia panya. Nakifagia kila asubuhi kabla ya chai. Vifaa vyako viko kwa misumari yao. Zile valvu, chupa zako za kioo ulizozitoa kwa redio kubwa za zamani za Wahindi wa Thika bado ziko kwa soksi, kila moja na soksi yake, na nikipanguza vumbi nazibeba kama mayai. Ile amplifaya ya kwanza ya kukuza sauti ya gitaa, uliyoitengenezea sanduku kwa droo ya kabati langu, iko juu ya meza. Kabati langu mpaka leo lina shimo. Wageni wanaliangalia. Nawaambia hiyo droo inaimba.

Na ile ya mwisho, ambayo hukumaliza, nimeifunika na leso yangu ya kijani. Sijaisogeza hata inchi.

Mwezi wa sita nilifanya ujinga nikuambie. Ilikuwa mchana, Wainaina ameenda kazini. Nikamwita dada yako Becky, nikamwambia anichomekee ile ya kwanza kwa stima. Tukangoja. Si unajua haiamki haraka, inataka ipate moto kwanza kama mtu mzima. Zile chupa zikaanza kuwa nyekundu kidogo kidogo, kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Halafu ikaanza ule mvumo wake. Nikaketi kwa stuli yako.

Becky akasema, "Shosh, si hakuna gitaa. Hii haichezi kitu."

Nikamwambia, "Najua. Nyamaza."

Nikasikiliza ule mvumo peke yake mpaka tokeni ya stima ikaisha. Zamani nilikuwa nakupigia kelele uzime, ati nasikia nyuki kwa kichwa. Sasa nyumba imenyamaza, watu wa mtaa wa Kahawa Sukari hawaji tena na magitaa yao kwa mgongo wakiuliza fundi yuko wapi, na mimi nalipia stima ili nisikilize nyuki.

Sasa nije kwa ile siku.

Unajua ni siku gani. Jumamosi ya Pasaka, miaka mitatu iliyopita, mzee Kitonga, baba ya mama yako, alipokuja na wazee wake. Hao ni wakwe. Mkwe akiingia kwako hata kuku anatembea kwa adabu. Nilipika tangu alfajiri. Mzee Kitonga akaleta lile gitaa lake la ujana akasema anataka kusikia mashine ya mjukuu wake. Ukacheza kidogo, kila mtu akafurahi, halafu mashine ikaanza kukoroma. Ukaichomoa kwa ukuta, ukaigeuza, ukafungua tumbo lake pale mbele ya wazee. Na ukaweka mkono wa kushoto mfukoni.

Mkono mfukoni! Mbele ya wakwe! Hiyo tabia ilikuwa imeniudhi miaka. Kila nikipita mlangoni nakuona umeinama, mkono mmoja unafanya kazi na mwingine umelala mfukoni kama mwenye shamba anaangalia vibarua. Nilikuwa nakuvumilia tukiwa wenyewe. Siku hiyo sikuvumilia. Nilisema kwa sauti, wazee wote wakasikia: "Njau, toa huo mkono! Sikukulea na mikono miwili ufanye kazi na mmoja!"

Ukasema, "Cucu, ngoja kidogo."

Nikasema, "Usinijibu mbele ya watu."

Ukautoa. Ukaweka kwa lile sanduku la bati la mashine. Na ule mwingine ulikuwa ndani.

Sitaandika yote, wewe ulikuwepo. Nilisikia mlio kama mjeledi, nikakuona umerushwa mpaka mlangoni, na ukingo wa bati umekukata mkono wa kushoto. Daktari alishona vizuri, sina la kumlaumu. Lakini kidole kile kidogo hakikukunjika tena, na gitaa hukushika tena. Januari iliyofuata ukaenda Kanada. Hukunilaumu hata siku moja. Watu waliuliza, ukasema ni ajali ya kazi. Na mimi nilipoulizwa nilisema nini? Nilisema ni hiyo mashine ina shetani. Nilisema nilikukataza. Nilisema mtu amechomoa kitu kwa ukuta na bado kinampiga, sasa hiyo si uchawi? Nilisema hivyo kwa mama yako, nikasema kanisani kwa kina mama, nikasema mpaka nikaamini.

Wiki mbili zilizopita Chintan alipiga simu. Anapanga karakana upya, akapata transfoma aliyokusukia kabla hujaenda, imekaa kwa rafu na jina lako kwa chaki. Nikaenda Thika kuichukua, sikutaka ipotee. Pale nikamkuta fundi wao, Musembi, mtu wa mvi kama mimi, amefungua mashine fulani, na mkono wa kushoto, Njau, uko mfukoni.

Damu ikapanda. Nikasema, "Wewe mzee mzima, wateja wamesimama hapa, umeficha nini huko? Mandazi?"

Akasema bila hata kuinua kichwa, "Nimeficha moyo, mama."

Nikamwambia asiniletee mashairi. Akacheka, akaweka bisibisi chini. Akasema, "Mama, maharagwe ukiyaepua, si bado yanachemka kwa sufuria? Na hii ni hivyohivyo. Nimechomoa, lakini stima imebaki ndani inangoja mjinga. Nikigusa na mkono mmoja, nitaruka tu nitukane. Nikiwa nimeshika bati na ule mwingine, inaingia huku inatokea huku." Akajigonga kifua. "Na hapa katikati kuna nini?"

Nikamuuliza kama ni yeye tu anayefanya hivyo.

Akasema, "Kila fundi wa hivi vitu aliyezeeka anafanya hivyo. Ndiyo maana amezeeka."

Nimisha akaniletea kreti ya soda nikakaa. Chintan akaniletea chai ya tangawizi, akafikiri ni goti. Nikawaacha wafikiri ni goti.

Kwa hiyo miaka yote hukuwa na kiburi. Ulikuwa unajilinda. Na ile siku ungeweza kunieleza, ulifungua mdomo unieleze, mimi nikaufunga kwa sababu ya macho ya wazee wa Ukambani, ambao wenyewe hata hawakuwa wameona huo mkono. Nilimuuliza mzee Kitonga juzi kwa simu. Akasema, "Mkono gani?" Alikuwa anaangalia zile taa ndani.

Njau, nilikosa. Si mashine, wala si shetani. Ni mimi. Ulitii, na kutii kwako ndiko kulikuumiza. Hilo neno sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote, wala guka yako hakulisikia kwangu miaka arobaini na moja tuliyokaa, na kulikuwa na siku alistahili. Nimelala nalo siku kumi na nne. Nimemwambia mama yako ukweli. Akaniuliza kama nimekula. Kanisani nitasema Jumapili hii, kwa kina mama walewale.

Jumapili jioni.

Nimesema. Hawakushangaa kama nilivyotaka.

Nikarudi nyumbani nikamkuta Wainaina anapima chumba chako na kamba. Alikuwa anapima tu, ana haki, plot ni yetu sote na watoto wake wanasoma. Lakini nilipoona kamba imepita juu ya ile leso ya kijani, nilijua sitaweza kungoja Septemba. Nikamwambia, "Wainaina, kunja hiyo kamba. Bomoa jiko langu."

Akasema, "Mami, jiko lako? Utapika wapi?"

Nikasema, "Kwa gesi, ndani, kama wake zenu wavivu."

Akafikiri natania. Nikaanza kutoa sufuria. Ndipo akaamini. Hilo jiko la kuni nilijengewa na guka yako mwaka aliozaliwa baba yako, na moshi wake ndio ulinizeesha haya macho, kwa hiyo usinionee huruma. Mawe yamehamishiwa upande ule leo hii. Ataanza kesho, na chumba chako kitabaki.

Kwa hiyo lile jibu nililotaka mwanzo silitaki tena. Usije kwa sababu ya chumba. Musembi anasema kidole kimoja hakimzuii mtu kutengeneza, kinamzuia kucheza tu, na wachezaji wako wengi kuliko mafundi. Sijui kama ni kweli, mimi si fundi. Pengine huko umepata kazi nyingine ya kupenda. Pengine hata harufu ya ile risasi ya kuunganisha nyaya ikiyeyuka hutaki kuisikia tena. Ukiwa hivyo, usije. Hiyo nitaizoea.

Nimekutumia makadamia za Thika na unga wa wimbi, wa uji, si wa kugawia marafiki. Transfoma ya Chintan ni nzito, Nimisha amekataa kuibeba, na sikumlazimisha. Mtoto wa watu akifika mwonyeshe mahali pa kununua koti, na umheshimu, babake ametutendea mema.

Wainaina anakusalimu, na si mtu mbaya, usimchukie. Becky anasema "niaje", sijui hiyo ni salamu ya mtu na kaka yake. Mama yako anasema uvae soksi mbili. Mzee Kitonga anasema lile gitaa ni lako akifa, na kwamba hana haraka.

Kwetu mzee akibariki mtu humtemea mate kidogo kifuani. Kifua chako kiko mbali, kwa hiyo nimetemea hii karatasi hapa chini, pale wino umesambaa. Nimisha asijue. Mungu wa guka yako akulinde mchana na usiku, akupe mwanamke mwenye akili na akutoe kwenye hiyo theluji ukiwa mzima.

Kitu kimoja tu ndicho nataka uniandikie, na kiwe kwa mkono wako. Umenisamehe? Kama bado, andika "bado". Nitajua pa kuanzia.

Mimi niliyekuumiza, na hakuna anayekupenda kunishinda,
Cucu wako,
Wangeci