Homa ya Chai ya Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamkosa mamangu angali hai. Naishi Likoni. Mama yetu, Bi Mwanatabu, mimi na kakangu Jafar aishiye Changamwe tulimpeleka nyumba ya kutunzia wazee kule Mtopanga, nyumba safi wallahi, wana hata roboti ya magurudumu inayopita kitanda kwa kitanda ikiwapima wazee joto, na mzee akipanda homa simu za wanawe zinalia papo hapo, basi tukastarehe, simu ikinyamaza twajua mama mzima, ya nini kwenda, lakini baada ya muda simu ikaanza kulia, homa, homa, nami nafunga duka navuka feri mbio, nikifika namkuta mama kajifunga leso mpya, aniambia, “Umekuja mwanangu? Kaa,” na homa haipo, hadi siku muuguzi wao, Rispa, alipomfuma amebandika kikombe cha chai ya moto kwenye kipaji cha uso huku roboti ikimjia, wazee wenzake wakacheka, mimi nikakasirika, na simu ilipolia tena nilimpigia Rispa nikamwambia, “Ni chai hiyo, mwache,” naye akamwacha, kumbe ni nimonia, kesho yake akakimbizwa hospitali hajitambui. Alhamdulillahi amepona na amerudi Mtopanga, lakini nikimpa shikamoo ageukia ukutani, na nilimsikia akiiambia ile roboti, “Hata nikifa usiwapigie, wana shughuli zao.” Sasa Jafar ataka tulipie kamera ili mama asitudanganye tena. Nikubali?

Swabra, Likoni


Swabra, pole kwa usumbufu. Kweli mama yako ni mtu hatari: mwanamke mzima kuthubutu kutamani kuwaona wanawe bila kuwa na ugonjwa unaotambulika na mashine!

Na hongera kwa udaktari. Ulikaa dukani Likoni, ukapima mapafu yaliyo Mtopanga, ukaona chai. Hata roboti haikufikia utaalamu huo. Yenyewe iliishia kusema mtu huyu ana homa, na ilisema kweli.

Jafar naye ana akili. Mama ameteseka kwa kukosa watu, basi apewe kamera. Nimesoma barua yako yote nikitafuta siku uliyokwenda Mtopanga bila kuitwa na simu. Sijaiona. Mama alishaitafuta kabla yangu, ndipo akageukia kikombe.

Sitakukandamiza zaidi, maana najua unaumia, na anayeumia bado ana moyo. Roboti haina kosa, iacheni ipime. Kamera, hapana, mwambie Jafar nauli ya kutoka Changamwe ni rahisi kuliko kamera. Leo hii mpigie Rispa, umwambie kila simu ikilia amguse mama kwa mkono wake na amwite daktari, hata wewe ukimkataza. Hasa wewe ukimkataza.

Kisha nenda. Usianze na nimonia wala usijitetee kwa duka. Mwambie, “Mama, niliitwa nikakataa kuja, nisamehe.” Akigeukia ukutani, kaa hapo hapo na ukuta wake. Juma lijalo rudi, na Jafar naye, angalau kabla mwaka huu haujaisha, awe ameiona njia. Atanuna, ni haki yake. Lakini iko siku atageuka akuulize nani mgonjwa hata umekuja. Mjibu, “Hakuna, mama. Nimekuja kukusalimu tu.”