Shemeji, Ulisema Ni Pepo

Kwako shemeji,

Salamu sina. Rasoa, mjukuu wangu, ndiye ameshika kalamu, na ananiambia barua haianzi hivyo, lazima niulize hali kwanza. Hali yako najua. Yule mtu wa reli uliyemtuma kutoka Kampala alikaa hapa kwa kiti, akakunywa chai yangu, akasema umekonda, umechoka, unataka kurudi Nakuru kwa ndugu yako. Akasema mpaka leo unalia vile yule mzungu alikufukuza kazi bure. "Anaapa hajui ile spiriti iliingia aje kwa debe." Nikacheka mpaka chai ikanipalia, Rasoa akanipiga mgongo.

Basi kaa chini nikwambie. Nitaanza mbali, si unanijua.

Unakumbuka ukifika hapa landhi, kwa hizi nyumba za watu wa reli, mara ya kwanza? Kaptura moja, miguu imejaa vumbi, na ndugu yako akakuonyesha mimi, akasema, "Huyu sasa ndiye mama yako." Nikachinja kuku. Firigisi nikaweka kwa sahani ya ndugu yako, sababu kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, na yeye akaitoa akaiweka kwa sahani yako. Ulitafuna ukiangalia chini. Mimi nikasema moyoni, huyu kijana ana heshima. Lo!

Halafu ukapata kazi kwa yule mzungu wa magari ya mashindano, yale yalikuwa yanakimbizana kwa barabara za lami jeshi liliacha karibu na Gilgil. Ukaanza kutembea kama wewe ndiye unaendesha. Ulikuwa unarudi unanuka mafuta ya mbarika, ile tunapatia watoto wakifunga choo, na mimi nikakuuliza, "Kwani gari ya bwana yako imefunga choo?" Ukacheka sana. Siku hizo kicheko chako nilikipenda. Ukasema, "Shemeji, hii gari haikunywi petroli kama lori. Inakunywa dawa." Dawa ilikuwa inakuja kwa pipa, kwa gari la moshi kutoka Mombasa, na ndugu yako kwa mikono yake ndiye alikuwa anaishusha hapa stesheni. Kazi yako ilikuwa kuchanganya: ile dawa ya pipa nyingi, petroli kidogo, mafuta ya mbarika kidogo. Ulisema hiyo ndiyo inafanya gari iruke na injini isichemke.

Ikaja harusi ya binti wa jirani. Nilikuwa nimepika busaa yangu, na busaa yangu hakuna mtu alikuwa anailaumu, hata mzee wa kanisa alikuwa anatuma watoto wa watu waje kumchukulia. Wewe ukaingia na chupa ndani ya koti. "Shemeji, hii yako ni uji wa wazee. Leo kaka anakunywa ya wazungu." Ukammiminia. Yeye akakuambia, "Na wewe?" Ukasema tumbo linakuuma. Hilo tumbo mimi nalikumbuka, shemeji. Kila nikimfunga ndugu yako vifungo vya shati, nalikumbuka.

Asubuhi jua limeshapanda juu ya Menengai, ananiuliza, "Mama Joni, mbona hujafungua dirisha?"

Dirisha lilikuwa wazi. Kuku walikuwa ndani, wanadonoa makombo miguuni pake.

Tukaenda hospitali, mimi, wewe, na wazee wa kwetu. Wewe ndiye ulijua kizungu. Daktari akamfungua macho na vidole, akamnusa mdomo, akakasirika. Mimi nilishika neno moja tu, sababu alilirudia akipiga meza: spiriti, spiriti. Nikakuvuta mkono. "Anasema nini?" Ukawageukia wazee, si mimi. Ukasema, "Daktari anasema ni pepo. Kuna mtu amemrushia pepo ndani ya pombe."

Na pombe ya siku hiyo ilikuwa ya nani?

Hukutaja jina langu. Hapo ulikuwa na akili. Uliwaachia wao wanitafute. Tangu siku hiyo nikifika kwa mfereji wamama wanaondoa ndoo zao, mpaka nachota peke yangu kama mtu wa tauni. Mke wa mchungaji alikuja kuchukua kitambaa changu cha kichwa, kile cha akina mama wa kanisa, akakikunja bila kunitazama. Mtoto wa Joni alizaliwa na hakuna mtu alinipa nimbebe. Ndugu yako peke yake ndiye alikataa. Wazee walimwambia anifukuze, akawajibu, "Huyu angejua kuroga, angeanza na mama yangu." Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nalia.

Reli haiweki kipofu; nyumba tulibaki nayo sababu Joni wetu aliandikwa mahali pake. Nikaanza kuuza mayai ya kuchemsha, na mayai yanataka watu, basi tukaenda Gilgil kwa mashindano yenu. Ile siku upepo ulikuwa mbaya, sijui kama unakumbuka, ule unabeba unga mweupe wa ziwa mpaka meno yanasaga. Tulisimama kwa kamba, upande wetu sisi weusi. Nimemshika ndugu yako mkono, karai ya mayai kichwani. Akasimama ghafla. Pua yake ikafanya hivi, kama ya sungura. "Mama Joni, nani amefungua ile chupa?"

"Chupa gani? Ni gari inawekwa mafuta."

"Hiyo ndiyo nilikunywa."

Na hapo bwana yako akapiga kelele, "Spiriti! Spiriti!" na wewe ukakimbia na debe. Ulitoka kwa pipa limechorwa kichwa cha mtu aliyekufa na mifupa. Nilisimama hapo. Neno la daktari lilikuwa linamwagwa ndani ya gari na faneli, na wewe ndiye umeshika faneli.

Nilikufuata. Nikakuuliza, "Shemeji, hiyo pepo inakaa kwa pipa?" Ulikuwa jivu kwa uso. Halafu ukatabasamu, ukaniambia polepole, "Nenda ukawaambie. Nani atasikia mchawi?"

Ulisema kweli. Hakuna mtu angesikia. Kwa hivyo sikusema.

Sasa wewe ulisahau kitu kimoja. Chupa yako haikuisha siku ya harusi. Ilibaki nusu, na nusu hiyo ilikuwa kwa paa langu, nimeiziba na gunzi la mahindi. Nilikuwa nimewaonyesha wazee, wakakataa kuigusa, eti imerogwa. Basi ikakaa. Mimi pia nikakaa.

Yule fundi wa magari, Kalasinga wa kule bazaar, alikuwa anapenda mayai yangu na pilipili. Akaja siku moja amenuna. "Mama, dawa imekwisha. Wakubwa wa mashindano huko Ulaya wamekataza. Sasa kila gari inakunywa petroli ya ndege tu, na hawa wetu pia wanafuata." Nikamuuliza, na mtu akiweka kidogo, nani atajua? Akanieleza vizuri kama mtoto wa shule: wanachota kwa tangi, wanatia ndani ya chupa ya kioo na maji, wanatikisa. Petroli inakaa juu. Spiriti inakimbilia maji, na maji yanaongezeka. "Na akipatikana?" "Anatolewa mbele ya watu wote. Aibu kubwa, mama."

Nikamwongezea yai.

Siku ya mashindano uliacha debe lako la petroli nyuma ya hema, ukaenda kukojoa. Ndugu yako alinishikia karai. Nikatoa chupa chini ya mayai, nikamwaga yote, nikapangusa mdomo wa debe na leso. Akaniuliza, "Imeingia?" Nikamwambia imeingia. Akasema, "Basi twende tuuze."

Unaona sasa? Sikuiba, shemeji. Nilikurudishia chako.

Ulijaza gari mwenyewe. Mzungu wa kofia kubwa akachota, akatikisa, akainua ile chupa juu ya watu, na maji yamepanda. Bwana yako akawa mwekundu kama nyanya. Alidhani ni mkono wako umezoea kuchanganya. Na wewe unalia, "Haki ya Mungu, bwana, si mimi! Naapa kwa mama yangu!" Unashika Biblia ya mtu, unapiga magoti kwa lami. Hakuna hata mmoja alikuamini. Mimi nilikuwa kwa kamba namenya yai.

Kwa hivyo usinitumie watu kuniambia hukuweka. Najua hukuweka. Nilitaka ujue vile inakaa kwa roho, mtu kusema kweli na watu wanaondoa ndoo zao. Umekaa Kampala na hilo jiwe. Mimi langu nililibeba hapa hapa landhi, kwa mfereji ule ule.

Unataka kurudi? Rudi. Lakini njia ni moja. Shuka stesheni mchana, watu wakiwa wengi. Usipite kwa nyumba. Nenda kwa mfereji, wamama wakiwa wamepanga foleni, na useme kwa mdomo wako lile neno la daktari lilikuwa na maana gani. Ukisema, nitachinja kuku. Firigisi hutaiona, hiyo sahau.

Na usidhani utaingia kwa siri kama paka. Ndugu yako sasa anakaa mlangoni kutwa, uso ameuelekeza barabarani. Atakunusa kabla hujafika.

Ni mimi, shemeji yako, mchawi wa petroli.