Ukisikia Pumzi Katika Wimbo wa Nne

Vyumba vya juu, nyuma ya duka la vioo,
Jumanne, 9 Aprili.

Mpendwa wifi yangu,

Shikamoo. Nisamehe, barua yako imekaa juu ya kabati mpaka ikapata doa la chai. Kila nikishika kalamu mtoto anaamka, na akilala, mimi nimeshamtangulia. Mgongo wako umepoa? Na yale macho, ulirudi kwa daktari au bado unamkwepa? Sisi tunasukuma siku. Kidoti ameota meno ya mbele na anamng'ata kila anayempenda.

Umeuliza onyesho la mdogo wako, huyu Baba Kidoti, likoje, maana amekutumia tiketi bila maelezo. Ndivyo alivyo. Ngoja nikueleze, usije ukashtuka kama ba'mdogo.

Ni bluzi, lakini usitegemee bendi. Yuko peke yake na gitaa, kompyuta na visanduku vya vitufe anavyovikanyaga kwa mguu. Anapiga kipande kifupi, anakanyaga, kipande kinajirudia chenyewe. Anapiga kingine juu yake, na kingine, mpaka mtu mmoja anakuwa kama ukoo mzima unaolalamika. Ngoma zinatoka kwenye mashine, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Besi utaisikia kifuani kabla ya masikioni. Ukumbi utakuwa giza, taa moja ya buluu, na moshi. Moshi ni wa mashine, hakuna kinachoungua, ila kifua cha Kidoti hakiuwezi, kwa hiyo sisi huwa tunasikilizia nje mlangoni. Hatasalimia watu. Atainama, pengine atakupa mgongo. Nao hawachezi, wanasimama wamekunja mikono kama waliofika msibani wakakosa viti. Vaa viatu vya chini, chukua pamba ya masikio, na usikae karibu na spika.

Ba'mdogo alipomwona amefumba macho, sauti inatetemeka, alidhani mtoto wa kaka yake kazidiwa. Akapanda jukwaani na leso, akamkumbatia, akasema mbele ya kipaza sauti, "Basi baba, basi, tumekuelewa." Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mpaka leo wapo wanaouliza yule mzee atakuja tena lini.

Sasa nije kwenye lisilochekesha.

Daktari alituambia kifua cha mtoto kikianza kubana tumrekodi kwa simu, asikie mwenyewe. Mdogo wako akarekodi, daktari akasikia, dawa ikapatikana. Nikadhani limeishia hapo. Kumbe ile pumzi yenye mluzi ameitia kwenye wimbo wake wa nne. Inaanza peke yake, inajirudia, halafu gitaa linaingia juu yake. Watu wanalia. Sikatai, hajawahi kutunga wimbo mzuri kama huo, na najua ameutunga kwa hofu ya baba.

Majuzi mchana alikuwa chumbani anaufanyia mazoezi. Mimi nafua bafuni, Kidoti kalala sebuleni. Pumzi ile ilikuwa imejaa nyumba tangu asubuhi, na nilishazoea kutoijali. Mara umeme ukakatika. Feni ikasimama, gitaa likanyamaza. Pumzi ikaendelea.

Nikaita, "Baba Kidoti, umeme si umekatika?"

"Umekatika," akajibu.

Tukakutana mlangoni mwa sebule, wote tunakimbia. Midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Tulifika zahanati, wakamwekea hewa, akarudi. Muuguzi akauliza ilikuwaje tusisikie mapema.

Nilimwambia sauti ile sitaki kuisikia tena, popote. Akaitoa kwenye spika, akaihamishia kwenye hedifoni. Yaani mimi nikiwa kazini, yeye ndiye analinda mtoto, na masikio ameyaziba. Jana nimerudi nikagonga mlango mpaka jirani akatoka. Nikimwambia auache wimbo, ananijibu kwa upole, na huo upole ndio unaonimaliza: "Nikiitoa hiyo, zinabaki mashine tupu."

Simchukii, wifi. Akisinzia juu ya visanduku vyake namfunika. Lakini nimeamua. Siku ya onyesho, wimbo wa tatu ukiisha, tega sikio. Wa nne ukianza kwa gitaa, ujue amenisikia. Tutakungoja turudi nyumbani wote, na utalala kitandani kwetu. Ukianza kwa pumzi, usimfokee, wala usitoke katikati. Sikiliza mpaka mwisho, ni mdogo wako na amehangaika. Kisha toka nje. Utatukuta kwenye ngazi na begi, mimi na mtoto, tunaondoka nawe. Nimemwambia hivyo hivyo nikimtazama usoni.

Msalimie shemeji, na dada yule msusi, na mtundu wako wa mwisho mwambie Kidoti anamwekea meno. Mungu akutangulie barabarani na akupe dereva asiye na haraka.

Wako akupendaye hata akichelewa kuandika,
Mama Kidoti.

Ninavyohitaji bado, vitangulie kabla yako ukiweza: ile chupa ya plastiki ya kupachika kwenye dawa ya kuvuta, ya saizi ya mtoto mdogo, huku madukani imekwisha, foronya mbili za pamba, na neno lako, kama kile chumba cha nyuma hapo kwenu bado ni kitupu.