Mwenye Jina Aje Mwenyewe

Dada yangu Rejina,

Amani ya Bwana itangulie kuingia mlangoni kwako, barua hii ifuate nyuma. Miguu yako imeacha kuvimba? Na mama yetu, anapata usingizi? Shoferi aliyetuletea saruji alisema mvua imeangusha ukuta wa jirani yenu hapo Likasi, mtaani Kikula. Uliangukia upande wenu au upande wake? Niambie, maana namjua yule bwana. Hata ukuta wake ukianguka wenyewe atasema ninyi ndio mliusukuma.

Mie ni mzima. Mgongo unauma kama mgongo wa kila mwashi. Zahanati tunayoijengea parokia ya huku imefika kwenye linta, na Jumapili padri anatusalishia ndani yake, bila paa, kwa sababu kanisa lenyewe linavuja zaidi. Chakula ni ugali wa bukari na majani ya sombe, kesho yake sombe na bukari. Namshukuru Mungu.

Sasa, dada, kama mama ameketi karibu nawe, kunja barua hii. Mpe chai yake kwanza, kisha uende kuisomea chumbani. Ningekupigia simu, lakini huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, na watu wanapanga mstari nyuma yako wakikusikiliza. Jambo hili si la kusemea juu ya kichuguu.

Ni ile kazi uliyonituma. Mwanao Deo amekubaliwa kiwandani, imebaki cheti cha kuonyesha kwamba hajawahi kuhukumiwa, na pale parke, ofisini kwa mwendesha mashtaka, wakamwambia jina lake limo katika orodha ya watu waliohukumiwa huku kwa kuua mtu. Majina yote matatu, vilevile. Deo wetu, ambaye hata kuku wa Noeli anachinjiwa na baba yake! Tukasema ni kosa la wakubwa, watafute vizuri. Wakajibu alete nakala ya hukumu ili waone umri wa aliyehukumiwa. Na katika ukoo wote mie ndiye niliye karibu na tribinali iliyotoa hukumu hiyo, ingawa "karibu" ya huku ni kutwa nzima kwenye pikipiki, na mtumbwi wa kuvukia mto.

Basi nilienda. Tribinali yenyewe ni nyumba ya matofali mabichi, dirisha moja limezibwa kwa bati. Karani wake ni mtu mnene, mcheshi, nilimkuta akitafuna mhogo wa kuchoma. Nikamweleza shida.

"Papa, ikala," akasema, akinisogezea kiti. "Hukumu ni ya batu bote. Sheria inasema kila muntu anaweza kuya kusoma. Mchwa tu njo hawakusoma ile sheria."

Akanifungulia kabati. Dada, niliona vumbi la udongo tu na majalada yaliyobaki ganda. Akanieleza kwamba mahakimu hawakai huku. Wanakuja kwa msimu, wanapiga hema uwanjani, wanahukumu mbele ya watu wote, kisha wanarudi zao. Mjini wanapeleka jina na kosa tu. Umri wa mtu na habari zake vinabaki huku, na huku mchwa ndio wakubwa.

Nikamuuliza kama anaikumbuka kesi hiyo.

"Kusahau ile? Kila muntu alikuwa pale. Muntu wa Likasi, murefu, sauti nzito. Kidole kidogo cha mukono wa kushoto hakiko. Walipomaliza kusoma hukumu alipiga magoti palepale, akaimba Salamu Maria yote. Hata askari walivua kofia."

Dada, wewe ndiye uliyemfunga kitambaa siku mashine ya kusagia ya baba ilipokikata kidole kile. Mie nilikuwa nashika taa. Sina haja ya kukuandikia jina la mtu huyo.

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Sikusali, nakuambia ukweli.

Sisi siku zote tumesema Yaya Deo, kaka yetu mkubwa, alikufa kwa homa kazini, na maiti haikuletwa kwa sababu ya barabara. Tukaweka matanga kwa picha yake. Homa ni kweli. Lakini ilimkuta gerezani, kabla mwaka wa kwanza wa kifungo haujaisha. Katekista aliyetutumia habari aliusimamisha ukweli kwa mguu mmoja, na nadhani kaka yetu mwenyewe ndiye aliyemwomba. Kosa ni hili, nimelisikia kwa watu wengi na wote wanasema sawa: waligombana kwenye shimo la dhahabu, nani ateremke kwanza. Yaya alikuwa na mtalimbo mkononi. Alimpiga mwenzake mara moja. Kisha akambeba mgongoni mpaka kwa muuguzi, akamngojea pale, hakukimbia. Mtu yule akafa asubuhi yake.

Na Deo wetu wakati huo alikuwa anajifunza kusoma shule ya msingi. Kosa lililomfikia ni letu sisi watu wa nyumbani. Baba alisema mtoto akibeba jina la mjomba wake alibebe lote, asiache hata moja chini, na sote tukapiga vigelegele.

Karani alinifuata nje. Akaniambia zipo njia mbili. Ya kwanza, yeye aniandikie palepale kwamba hukumu kama hiyo haikuwahi kutolewa huku, apige muhuri, yaishe. "Nani atakuya kuuliza? Mchwa?" Ya pili, nakala moja ilipewa mjane wa yule aliyeuawa, Mama Ngoyi, naye anaishi nyuma ya soko.

Nilimkumbuka Nuhu alivyolala uchi, na watoto wake wawili wakamfunika wakitembea kinyumenyume wasimwone. Nilitaka sana kumfunika kaka yetu. Lakini marehemu mwingine yumo pia katika habari hii, na mkewe yuko hai. Kuandika kwamba haikutokea ni kumwua mtu yule mara ya pili. Nikamshukuru karani, nikaenda nyuma ya soko.

Mama Ngoyi ni mwanamke wa umri wako, mkavu, ana macho yasiyokimbia. Alikuwa anamenya mihogo na mama mkwe wake, bibi kizee. Njiani nilikuwa nimetengeneza maneno: nimetumwa na parokia, natafuta karatasi kwa ajili ya mtu. Aliponiuliza, "Weye ni nani?" maneno yale yote yakaanguka.

Nikasema, "Mama, mie ni mdogo wake yule aliyemuua bwana wako."

Kisu cha bibi kikasimama. Akacheka, kicheko kibaya.

"Kumbe iko na bandugu! Minye nilifikiri alizaliwa na jiwe."

Mama Ngoyi hakucheka. Akasema, "Tulilala chini mwezi muzima. Kila siku nilisema, leo batakuya, batu ya Likasi batakuya kulia na siye. Hata muntu mumoja. Hata kutuma neno."

"Hatukujua, mama. Nakuapia kwa Mungu, nimejua leo."

"Na leo umekuya juu ya machozi?"

Nikamweleza ukweli wote, mtoto, kazi, parke, karatasi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi umekuya juu ya kazi ya mutoto," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Aksanti kwa kusema."

Nikakaa chini, udongoni, karibu na maganda ya mihogo. Nilitaka kumlilia bwana wake kama inavyotakiwa, na nikaanza hivyo, lakini kilio kilipotoka kilikuwa cha wote wawili, sikuweza kuwatenganisha. Yule bibi akaweka kisu chini. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mumupe mayi, atakauka," na Mama Ngoyi akaniletea maji kwenye kikombe.

Akaingia ndani, akatoka na karatasi. Imefungwa kwa nailoni, imekunjwa mara nne. Akanionyesha mstari wa umri. Ni wa kaka yetu kabisa, mwaka wa kuzaliwa na mahali, hakuna mtu atakayemchanganya na kijana. Nikanyoosha mkono. Akaurudisha wake.

"Ule mutoto, anabeba jina lake?"

"Lote, mama."

"Njo yeye atakuya."

Nikamsihi. Nikasema mtoto hana kosa, hata sura ya mjomba wake haikumbuki vizuri, karani yuko tayari kuja kunakili na kupiga muhuri.

"Minye simuhukumu," akasema. "Weye uko ndugu, umelia, nimesikia. Lakini majina ya muntu njo muntu mwenyewe. Kwetu ni vile. Kwenu haiko vile?"

Nikaurudisha mkono wangu. Wewe unajua kwa nini. Nani hapo nyumbani anayepewa firigisi ya kuku kabla ya baba yake? Nani ambaye mama yetu anamwita "mwanangu wa kwanza", na yeye akiumwa, mama analia kama anayezika tena? Hatuwezi kumfanya Deo kuwa kaka yetu siku za kuku, na siku ya kilio tukasema ni mtu mwingine.

"Akuye aikale hapa chini," akasema Mama Ngoyi. "Amulie bwana yangu. Njo nitamupa karatasi mukononi mwake, na siye tutamaliza matanga."

Sasa uamuzi uko kwako na kwa shemeji, na kwa Deo mwenyewe, maana ni mtu mzima. Mwambie yote, usimwambie nusu. Tumeona nusu imetufikisha wapi. Asije kwa ajili ya karatasi tu, yule mama atamjua mara moja. Kama hataki, msimlazimishe. Kazi itapita, Mungu ana milango mingine, na cheti cha uongo sitakileta. Kama anakubali, apande lori la saruji litakalorudi huku, mie nitamngoja pale lori linapoishia, tutaenda pamoja. Na kama kiwandani wanaweza kumngojea kidogo, waombe.

Kuhusu mama yetu, nimeandika mistari mitatu na kuifuta yote. Wewe unaishi naye, unajua siku zake. Lakini wazia akisikia kwa mtu mwingine.

Mnisalimie shemeji, mwambie mfuko wa vifaa alionipa haujachanika. Mama mdogo anayeuza makaa, mwambie namwombea kifua chake. Mwalimu wa Mulungwishi, mume wa binti yenu mkubwa, namsalimu pamoja na watoto. Kina mama wa kikundi chako cha rozari wamtajie Bwana jina la marehemu mume wa Mama Ngoyi. Anaitwa Kyungu. Wasiulize ni nani.

Na Deo umsalimie kwa jina lake lote. Mwambie hatakaa chini peke yake. Nitakaa kando yake, na akishindwa kulia nitaanza mie.

Mdogo wako akupendaye katika Bwana,
Fideli