Shikamoo ya Paskalina

Jumatano, 14 Agosti. Asubuhi upepo na baridi kali.

Nimemaliza ile riwaya ya zamani niliyokuwa nikiisoma. Kurasa mia tatu za kumficha mtoto wa nje, halafu siri ikifichuka ukoo mzima unazimia. Mwandishi huyo hajafika kijijini kwetu Nangwa.

Leo Paskalina, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alikuja tupukuchue mahindi. Nikamsimulia kitabu.

"Mbona hata mimi ni hivyo hivyo," akasema. "Marehemu baba yako ndiye baba yangu. Mama aliniambia kabla hajafa." Akachukua hindi lingine.

Hakuna aliyezimia. Niliuliza tu kwa nini alinyamaza.

"Niliogopa utaacha kuja kwangu."

Miaka sitini ninamwita "wee Paskalina" kama namfukuza mbuzi, kumbe amenitangulia miezi minne! Na hana haya: "Basi niamkie, mdogo wangu."

Nikamwambia asubiri hadi nimalize riwaya ya pili. Alicheka, lakini alipoondoka alikuwa anajifuta macho kwa khanga.

Nikasimama barabarani, nikapaza sauti majirani wote wasikie: "Shikamoo, dada!"

"Marahaba. Ongeza sauti, wa bondeni hawajasikia."

Ndiye dada niliyepewa. Saa sita na robo, nalala.