Mdanzi Uliochanua Februari

Jumanne, 6 Februari

Mdanzi umechanua. Nimeandika, nimesoma tena nilichoandika, na bado hakiniingii akilini. Februari! Juzi nililala na mablanketi matatu. Leo nimefagia ua kwa gauni la kiangazi na jasho linanitoka. Niliona kitu cheupe juu ya tawi, nikadhani ni mfuko wa plastiki umenasa, nikainua fagio niutoe. Kumbe ua. Kisha la pili. Kisha nikaacha kuhesabu.

Hapa mjini Nabeul midanzi, michungwa yetu ya machungwa machungu, huchanua mwishoni mwa Machi na kwisha Aprili. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Oktoba, mimi na mdogo wangu Hmida tulipoandikiana karatasi ya kuuza nyumba hii ya marehemu wazazi wetu, yeye alitaka tarehe kamili: nitoke tarehe thelathini Aprili. Nikakataa. Nikasema andika nitatoka maua ya mdanzi wa uani yakimalizika, nani hapa asiyejua ni lini? Moyoni nilikuwa na langu. Kuna miaka maua hujivuta mpaka Mei. Nikaona nitajipatia wiki mbili tatu za bure. Mjanja mimi. Mjanja wa miaka sitini na minne.

Sasa yakianza Februari si yatakwisha kabla ya Machi kukatika? Sielewi nifanye nini.

Alhamisi, 8 Februari

Bi Monjia, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuja kuomba kitunguu thomu. Alisimama chini ya mti, mkono kiunoni.

"Mti wako umerogwa au umechanganyikiwa?"

"Uulize wenyewe."

"Wangu hauna hata jani jipya. Labda huu wako umesikia unauzwa."

Nikacheka. Alipoondoka nikakaa jikoni na sikujua nimecheka nini.

Jioni binti yangu Olfa akapiga simu kutoka Sfaksi. Chumba changu kimeshapakwa rangi, anasema, rangi ya maziwa. Mtoto wake anatambaa mpaka mlangoni pake na kuugonga. Unakuja lini hasa, mama? Nikamwambia hali ya hewa mwaka huu haieleweki.

"Nimekuuliza unakuja lini. Sikukuuliza hali ya hewa."

Jumapili, 11 Februari

Baridi imerudi. Upepo wa kutafuna mifupa, sweta mbili. Niliamka nikiwaza: yatakufa yote, yaishie hapo, iwe kama hayakuja. Kisha nikawaza: maua yaliyouawa na baridi yanahesabika? Kwenye karatasi hatukuandika habari ya baridi.

Nilitoka kuangalia. Hayajafa. Yamejikunja tu kidogo. Nikayaonea huruma, kisha nikajionea huruma mwenyewe, kisha nikakasirika na kuingia ndani kupika asida, uji mzito wa unga. Imeungua.

Paa linavuja tena juu ya kitanda alichofia mama. Nimeweka beseni. Sijui nang'ang'ania nini humu ndani.

Jumatano, 14 Februari

Joto. Mti mzima mweupe. Nyuki wamefika, wanazunguka kama wageni waliofika harusini kabla ya siku yake.

Nikusanye au nisikusanye? Maua ya mdanzi hayangoji. Yakishafunguka, siku mbili tu, yanaanza kugeuka rangi. Nisipoyakusanya na kuyakeneka, kuyachemsha mpaka mvuke wake uwe maji ya manukato, naweza kusema msimu haujafika, mti ulikuwa unacheza. Lakini niyaache yaoze chini? Mama alikuwa akiokota hata lile moja lililoangukia kwenye mfereji, analipuliza vumbi na kulitia kikapuni. Na nikikeneka, harufu itafika mpaka msikitini. Hajazaliwa mtu wa Nabeul wa kuificha harufu ile.

Nimetandika shuka chini ya mti. Nimeikunja. Nimeitandika tena. Nimeikunja.

Alhamisi, 15 Februari

Nimekeneka. Basi.

Nilianza baada ya swala ya alfajiri, madirisha nimeyafunga kama mpika pombe ya magendo. Nikasugua sufuria la shaba kwa chumvi na ndimu, nikatia maua, nikatia maji, nikafunika kifuniko chenye mrija wa kwenda chupani, nikaziba maungio kwa kitambaa na unga uliokandwa. Moto mdogo. Kubadilisha maji baridi yaliyo juu ya kifuniko kila yakipata moto. Mama alikuwa hataki ugomvi karibu na sufuria, alisema maji yanachacha. Leo nimegombana na nafsi yangu tu. Sijui kama hilo linahesabika.

Tone la kwanza lilipodondoka chupani nililia. Si kwa huzuni. Si kwa furaha pia. Nililia tu.

Saa nne sauti ikatoka juu ya ukuta. "Dalenda, unapika nini humo Februari hii?"

"Nafua nguo."

"Nifungulie mlango."

Chupa ya kwanza hupewa jirani. Ndivyo tulivyolelewa, siwezi kuvunja kwa sababu ya karatasi. Nikampa. Alifungua, akanusa, akafumba macho, akasema mama yako angekuwepo.

Jumamosi, 17 Februari

Bi Monjia amempigia Hmida simu. Kumpongeza! Eti mti wa marehemu umebarikiwa. Hana ubaya yule, ana mdomo tu. Nusu saa baadaye Hmida akanipigia mimi.

"Dada, nasikia umekeneka."

"Vichupa viwili."

"Basi msimu umeanza."

"Umeanza kwa mti. Kwa Nabeul bado."

"Tuliandika mti, dada. Wewe ndiye uliyeutaka mti. Mimi nilitaka tarehe."

Akasema mnunuzi wa nyumba, mfamasia mmoja wa Tunis, anauliza kama anaweza kuanza kazi mwezi ujao.

"Kazi gani?"

"Gereji," akasema, kwa sauti ya chini.

Gereji itakaa uani. Uani pana kitu kimoja tu. Nikageuka kuutazama mdanzi dirishani.

Ijumaa, 23 Februari

Mvua ya mawe. Dakika kumi. Ua mzima mweupe, sikujua kipi ni barafu na kipi ni maua. Niliokota kwa mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Juu mtini hakuna lililobaki.

Yamemalizika? Yamemalizwa. Je, ni kitu kimoja?

Jumanne, 27 Februari

Joto tena, mchana wa mikono mifupi. Nimeona vitu vitano kwenye tawi la upande wa ukutani. Vidogo, kama punje za mchele. Vitumba vya maua, au macho yangu. Bi Monjia anasema ni majani, mdanzi hauchanui mara mbili. Kisha akasema, lakini huu wako mimi siuelewi kabisa.

Vikiwa vitumba, msimu haujaisha, na mimi nakaa mpaka vifunguke na kudondoka. Aprili. Pengine Mei. Nilikaa kwenye ngazi nikaitafuta furaha yangu. Niliikuta, lakini ndogo, na pembeni yake uchovu mkubwa. Beseni la kitandani limejaa, nimelimwaga mara mbili. Olfa ametuma video: mtoto amesimama kwa kushika kiti, anatazama miguu yake mwenyewe kwa mshangao. Nimeiangalia mara kumi na moja.

Nataka kukaa? Nimeandika swali hili ili nilijibu. Ukurasa unaelekea kwisha.

Jumamosi, 2 Machi

Hmida yuko hapa. Amekuja kutoka Susa na basi la asubuhi, na sanduku la maandazi ya tende. Tumekunywa kahawa, nimemtilia tone la maji mapya ya maua. Kwa saa nzima hakusema neno la nyumba, alizungumzia magoti yake. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mfamasia anataka jibu leo. Sitakudhulumu, dada. Nikiona kitumba kimoja tu juu ya mti ule, namwambia asubiri mpaka Mei. Nisipoona, namwambia aje. Nitasema nitakachokiona."

"Haya."

"Na wewe unataka nini?"

Nikamwambia mti ndio utakaosema. Uoga mtupu. Nimejisikia aibu mara tu neno lilipotoka.

Amechukua ngazi, yuko uani. Nimemwambia naosha vikombe. Naandika.

Ananiita. "Dada, hiki huku ukutani ni kitumba au ni jani changa?"

Naendelea kuandika.

"Dada? Hapa naona kitu cha kijani. Au cheupe. Njoo wewe uniambie."

Anaita mara ya tatu, na sauti haina hasira hata kidogo. Miwani yake ameisahau hapa mezani. Mkono wangu wa kulia unaandika. Wa kushoto umeifunika ile miwani, na sijui umeifunika tangu saa ngapi.